Chumvi ya Mwali

Dada yangu hula chumvi kama wengine walavyo karanga. Mpaka leo, mwanamke mwenye wajukuu wanaomzidi kimo, huweka kibakuli kidogo kando ya sahani yake, akachovya kidole, akalamba, kisha akaendelea na maneno yake pale alipoyaachia. Wageni wasiomjua humwangalia kwa jicho la huruma, na wale walioisomea afya kwenye simu humwonya juu ya presha. Huwajibu kwamba presha yake ni ya chini, na kwamba daktari wake humgombeza akila chumvi kidogo. Mimi niliyefanya kazi ya uuguzi mpaka magoti yakakataa hukaa pembeni nikacheka. Chumvi hiyo naijua ilikoanzia, maana aliyemletea wa kwanza ni mimi.

Kwetu ni Mirongo. Babu alifika Mwanza na watu wa misafara kutoka Ujiji, akaoa Msukuma. Baba naye akavuka maji kwenda kuoa Ukerewe. Kwa hiyo nyumbani mtu aligombezwa kwa lugha moja, akabembelezwa kwa nyingine, na Kiswahili kilibaki cha kusemea na majirani. Baba alikuwa na bucha sokoni, na mambo mengi niliyokuja kufundishwa baadaye na watu wenye makoti meupe, nilikuwa nimeyaona kwanza kwake pasipo kujua kwamba nafundishwa.

Ng'ombe wa siku hizo walikuja mjini kwa miguu, wakiswagwa kutoka ndani huko Usukumani, na walifika macho yamewatoka kwa mbwa, fimbo na malori. Wachinjaji wengine waliwapitiliza moja kwa moja machinjioni. Baba hakuthubutu. Aliwapeleka Buzuruga, ambako zamani zile kulikuwa pori na mashamba ya mpunga, akawaacha zizini wanywe maji, wale majani na kulala. Wenzake walimtania kwamba anawapangia ng'ombe chumba cha hoteli. Yeye alisema nyama ya ng'ombe aliyetiwa hofu huwa nyeusi, hunata mkononi na haikawii kuharibika, na mteja akiirudisha, ni jina la nani litakalotajwa? Kisu pia hakukinoa mbele ya mnyama. Alikishika nyuma ya mgongo, akimsemesha ng'ombe kwa Kisukuma cha taratibu, kama anayeuliza habari za nyumbani. Dini yetu ndivyo ilivyomfundisha, lakini nadhani hata kama isingemfundisha angefanya vilevile, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kelele.

Dada alichumbiwa mwaka ule ule uliokuwa na Uhuru ndani yake. Mchumba alikuwa baharia wa meli ya Bukoba, Mhaya Mwislamu, kijana mpole mwenye mikono inayonuka mafuta ya mitambo hata siku ya Idi. Walikuwa wamependana gatini, dada alipokuwa akienda kupokea mikungu ya ndizi ya jirani yetu, na kwa kweli ndizi zile zilikuwa zinapokelewa mara nyingi kuliko zilivyofika. Wazee walikubaliana upesi. Harusi ikapangwa ifuate sherehe za Uhuru, ili mji ukiwa bado umepambwa, nasi tufaidi mapambo ya serikali.

Mama akamwita kungwi. Bibi huyu alikuwa amewatoa mabibi harusi wengi pale mjini na alijua kwamba anajulikana. Kazi yake ilikuwa kumweka mwali ndani, asionwe na jua wala na macho ya watu, amfundishe ya ndoa, amsugue kwa liwa na manjano asubuhi na jioni, mpaka siku ya kutolewa ngozi iwe laini na rangi imefunguka. Rangi kufunguka, hilo ndilo lilikuwa neno. Nje mafundi cherehani walikuwa wanashona bendera mpya yenye weusi katikati, na redio zote zilituambia tujivunie. Ndani tulikuwa tunamsugua msichana apunguze weusi. Nililiona hilo tangu wakati ule, nikalisema, nikapigwa kofi la mdomo na shangazi.

Kungwi wetu alikuwa pia na sheria yake ambayo sijaisikia kwa mwingine. Aliamini chumvi hukausha ngozi ya mwali na kumzeesha uso kabla ya siku. Basi akaipiga marufuku. Dada akawa anakula uji wa sukari, wali wa nazi ya kuagiza usio na ladha, na ndizi za kuiva. Sisi tulikula sato kwa ugali upande wa pili wa pazia, na harufu ilipita.

Shida ilianza kuonekana kwenye vidole. Mikunjo ya viganja vya dada, ile mistari ambayo kwa kila mtu huwa myeupe kidogo, ilikuwa imegeuka myeusi kama aliyeshika mkaa. Halafu vikafuata vifundo vya vidole, viwiko na ufizi. Kovu la goti alilolipata utotoni alipoteleza kwenye mawe ya nyuma ya nyumba likawa jeusi tii. Kungwi alisugua. Akaongeza liwa, akasugua tena. Mwali aliyefungiwa chumbani, dirisha limezibwa kwa mkeka, akawa anazidi kuwa mweusi kila wiki, kama mtu anayeshinda shambani juani.

Kwa kungwi sababu ilikuwa moja tu. Mwali anatoroka. Yuko mahali anakutana na baharia wake jua la saa sita, na watu wa nyumba ile wanamficha. Akagongomelea mkeka wa dirisha kwa misumari, akahamishia kitanda chake mlangoni. Dada aliapa kwa kila kitu kitakatifu alichokijua kwamba hajatoka, na kungwi akamwambia ngozi haisemi uongo. Neno lile lilimwuma mama. Alianza kuingia chumbani kumtazama binti yake kwa jicho la kupeleleza, na dada alipoliona jicho lile akaacha kula hata huo uji.

Mimi nilikuwa nalala naye chumba kimoja, kwa hiyo niliyajua ambayo kungwi hakuyajua. Dada alikuwa amechoka, uchovu usiofanana na uvivu. Akisimama ghafla alishika ukuta. Asubuhi alitapika maji matupu. Na siku moja niliporudi shuleni aliniita karibu, akaninong'oneza jambo ambalo nilidhani litakuwa la mchumba.

"Mdogo wangu, niibie chumvi. Nimeiota."

Nyumba nzima chumvi ilikuwa imefungiwa na kungwi, ila kulikuwa na moja ambayo hakuikumbuka. Nyuma ya bucha baba aliweka gunia la chumvi ya mawe ya kutilia ngozi za ng'ombe zisioze kabla ya kuuzwa. Nilipita nikitoka shule, nikamwamkia baba, nikazunguka nyuma kama ninayetafuta paka, nikafunga kipande kwenye pindo la kanga. Sikuwa mwizi mzuri. Njia nzima moyo ulinipiga mpaka masikioni, mdomo ulikauka, viganja vikatoa jasho, na kila mara nilitaka kwenda haja ndogo. Nilipompita kungwi mlangoni nikamwambia shikamoo, sauti ilitoka nyembamba ya kuku. Aliitikia marahaba bila kuinua macho kutoka kwenye ukili aliokuwa akiusuka. Ndani, dada alikitia kipande kinywani kama peremende, akafumba macho, na baada ya kitambo rangi ya uhai ilimrudia kidogo. Alicheka. Nilifurahi kiasi kwamba nikawa naiba kila siku, na ule woga wa njiani nikauzoea, hata nikaupenda kidogo.

Basi ikafika siku ya wanawake wa upande wa bwana harusi kuja kumwona mwali. Mama wa mchumba alikuwa Bukoba na asingeweza kufika, lakini walikuwapo shangazi zake wawili waliokaa mjini, wanawake wa heshima, wenye magauni ya mikono mipana. Usiku wa kuamkia siku hiyo dada alishikwa na homa ya kawaida, malaria ya hivi hivi ambayo kwetu kila mtu huishika na kesho akaenda kazini. Kungwi hakutaka kuahirisha. Alimpaka liwa nene kuficha weusi, akamfundisha namna ya kukaa, na wakati wote akimkumbusha kwamba leo ndiyo leo, watakapomwona wataamua, na asimwaibishe yeye wala mama yake. Dada alikuwa akitetemeka. Aliniuliza kwa sauti ndogo kama kweli yeye ni mbaya hivyo. Nilimjibu kwamba kungwi ndiye mbaya, lakini hakucheka.

Shangazi waliingia na harufu ya udi. Mwali akafunuliwa uso. Walimwangalia, wakaangaliana, na mmoja akamshika mkono kwa upole akaugeuza kiganja juu. Dada alitaka kusema kitu. Akainuka nusu, akatapika juu ya mkeka mpya, kisha akaanguka. Hakupiga kelele wala kurusha mikono. Alilala pale chini amelegea, wa baridi, midomo imemkauka, na nilipomshika mshipa wa mkono sikuupata.

Najua walichokuwa wanakiwaza, kwa sababu mmoja alikisema alipokuwa akivaa viatu. Mwali anayetapika asubuhi, anayezimia, huyo tayari anahesabu miezi. Mama alisikia. Alianza kuukunja mkeka uliochafuka.

Baba aliitwa kutoka sokoni. Hakuuliza nani kasema nini. Aliuleta mkokoteni wa kubebea nyama, akatandika juu yake zulia jipya la harusi, akamlaza binti yake, na sisi tukaufuata kwa miguu mpaka hospitali. Watu waliokuwa wakifunga vibendera njiani walitupisha. Mmoja aliuliza kama ni msiba, baba akamjibu kwamba bado.

Daktari wa zamu alikuwa Mhindi mwembamba aliyezaliwa hukuhuku Mwanza, na Kisukuma chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alimpima presha akaipima tena. Akamfungua mdomo akautazama ufizi kwa muda mrefu, akatazama viganja, akatazama kovu la goti. Akauliza kama amewahi kuugua kifua. Mama akakumbuka kile kikohozi cha zamani, kilichomkondesha dada siku nyingi kisha kikapita, nasi tukakisahau kwa shukrani. Ndipo akatugeukia wote akauliza swali ambalo lilimfanya kungwi, aliyekuwa ametufuata, kuinua kichwa: huyu binti anatamani kula nini?

Nikasema chumvi. Nikasema yote, gunia la baba, pindo la kanga, kipande cha kila siku. Nilisubiri kofi. Daktari alinitazama, akasema kwa utulivu kwamba pengine hicho kipande ndicho kilichomfikisha hapo akiwa hai. Sijawahi kusifiwa hivyo tena, hata siku ya kupewa cheti cha uuguzi.

Walimtundikia dripu ya maji ya chumvi na sukari, wakamchoma sindano ya dawa iliyoitwa kortizoni, ambayo siku zile ilikuwa bado ngeni na ilitunzwa kama dhahabu. Sijaona kitu kama kile kabla wala baada, nami nimeona wagonjwa wengi. Kesho yake dada alikuwa amekaa kitandani. Kesho kutwa alilalamika kwamba uji wa hospitali ni mchafu na akataka pilau.

Daktari alituita atueleze, lakini maneno yake ya mwanzo yalitupita juu. Alisema habari za tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia. Baba akamkatiza kwa adabu. Akasema kitu hicho anakijua, kimo ndani ya mafuta ya figo, kila ng'ombe anacho, na yeye hukitupia paka wa sokoni. Siku iliyofuata alikuja nacho kwenye bakuli la bati, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Daktari alifurahi kama mtoto. Alikipasua kwa wembe juu ya meza ya wauguzi akatuonyesha: nje ganda la rangi ya kahawia, ndani sehemu iliyopauka.

Ya ndani, alisema, ndiyo inayomwaga ile homoni ya moto, mbwa anapokufukuza au unapopita na kitu cha wizi, hapo alinitazama. Moyo unakimbia, macho yanafunguka, sukari inatolewa kwenye ghala la mwili ili miguu ipate nguvu. Ya nje ndiyo ya subira. Inamwaga homoni zinazoushikilia mwili katika homa, njaa, msiba na mashaka ya siku nyingi, na zinazozuia chumvi isipotee kwenye mkojo. Kile kikohozi cha zamani kilikuwa kifua kikuu, na kilipoondoka kifuani kilikuwa kimekwisha kuziingia tezi za dada na kuzila. Kwa hiyo kila siku kichwa kilituma ujumbe kuziamsha, nazo hazikuitika. Kikatuma mwingine kwa nguvu zaidi. Na wingi wa ule wito, ukizunguka kwenye damu, ndio uliomtia weusi. Sio jua, alisema, wala si uchawi, wala si mimba. Mwili ulikuwa unaita.

Mama alilia pale pale, kwa raha. Kungwi aliuliza kama kumnyima chumvi kumechangia, na daktari, aliyekuwa muungwana, akajibu kwamba hakukusaidia. Yule bibi alitoka nje akakaa kwenye baraza la hospitali, na nilipompelekea maji aliyapokea kwa mikono miwili.

Baba alikuwa bado anaangalia kile kitu bakulini. Akauliza kama hofu peke yake ingeweza kumwangusha mtu wa namna hiyo. Daktari alisema ndiyo. Homa ile ndogo na hofu ile kubwa, vyote vikiomba kwa wakati mmoja kwenye ghala tupu. Baba akatikisa kichwa.

"Ng'ombe nampumzisha," alisema. "Mwanangu mwenyewe nikaacha anolewe kisu mbele ya macho."

Siku zote alizoishi hakulirudia neno hilo. Lakini tangu siku hiyo hakuna aliyepaza sauti nyumbani kwetu pasipo baba kunyanyuka na kwenda kusimama karibu naye, kimya, mpaka ashushe sauti.

Masharti yalikuwa haya. Sindano za kumaliza kifua kikuu. Vidonge kila siku maisha yake yote, pamoja na chumvi ya kutosha. Na akiumwa, au akipatwa na jambo zito, aongeze dawa, maana mwili wa mtu mwingine hujiongezea wenyewe nao wake hauwezi. Dada aliuliza kama furaha kubwa ni jambo zito. Daktari alifikiri kidogo akasema mwili hauna masikio ya kutofautisha ngoma ya harusi na ngoma ya vita. Vyote vinautoa jasho.

Lililobaki lilikuwa harusi, na hapo ndipo tulipoumia. Shangazi walikuwa wamekwisha kusema ya kusema. Mama alishauri tuseme ilikuwa malaria, vidonge avifiche, mengine wataelewana wakishaoana. Baba alikataa. Mficha uchi hazai, alisema, akatuma mtu kwenda kuwaeleza wakwe ugonjwa wenyewe na jina lake, na kwamba wakitaka kurudi nyuma, sisi hatutawalaumu. Mchumba meli ilipotia nanga alikuja hospitali moja kwa moja. Alisimama kando ya kitanda akiigeuzageuza kofia yake, akamwomba daktari arudie maelezo polepole tangu mwanzo, akashukuru, akarudi melini bila kutamka neno la ndoa. Dada aligeukia ukutani. Sisi tulijiambia ndio basi.

Uhuru ulitukuta hivyo. Asubuhi ile mji ulikuwa na rangi ambazo hatujawahi kuziona, watoto wa shule walipita wakiimba, wazee walikuwa wanapeana mikono na watu wasiowajua. Dada, aliyekuwa amerudi nyumbani, alitaka kuona. Aliongeza nusu ya kidonge kama alivyoelekezwa, tukamwekea kiti mlangoni, kwenye jua, na kungwi mwenyewe ndiye aliyekileta kile kiti. Umati ulipopita na bendera, baba alisema ile rangi ya katikati imependeza, akamgusa dada shavuni. Dada alicheka na machozi yakamtoka. Nami nilikuwa na raha ya nchi nzima kifuani, na ndani yake kibanzi kimoja kikinichoma: kama yule baharia hatarudi, nani atamwambia dada kwamba weusi wake haukuwa ndio sababu, naye aamini?

Alirudi baada ya sherehe, lakini hakurudi peke yake. Tulikuwa tunachambua mchele uani alipoingia na mwanamke mrefu, mkavu, mwenye kikapu cha kusukwa kichwani na hatua za mtu aliyezoea kupanda vilima. Mama yake. Alikuwa ameshuka melini asubuhi ile na hakupitia kwa wale mawifi zake. Tulimwamkia, akaitikia. Mama alimkaribisha. Kijana akabaki barazani na baba, sisi wanawake tukaingia ndani.

Mgeni alikaa, akafungua jani lililokaushwa, akatugawia buni za kutafuna kama kwao Uhayani wanavyomkaribisha mtu, ingawa mgeni alikuwa yeye. Kisha akasukuma kikapu mbele. Ndani kulikuwa na mfuko mweupe mkubwa, umeshonwa mdomo kwa uzi. Kila mtu pale alijua ni nini, kwa sababu cha kupeleka kwa mwali hakiulizwi. Watu huenda na sukari. Na sukari pia hupelekwa kwenye nyumba ambayo mtu anaiaga kwa wema. Kungwi, ambaye tangu hospitali alikuwa anatafuta kazi ya kufanya, aliukata uzi, akachota vijiko viwili akatia kwenye chai ya mgeni na vingine viwili kwenye yake, akakoroga, akanywa. Sura yake ilijikunja yote ikakutana puani.

"Hiyo si ya chai, mama," mgeni alimwambia, na r yote ilikuwa l midomoni mwake kama kwa watu wengi wa ng'ambo ile. "Hiyo chumvi ya Uvinza, ya mwali. Sukali wataleta wengine."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameikunja ndani ya kanga, viganja vimefichwa. Yule mama akamwomba ampe mkono. Akaugeuza, akaitazama ile mistari myeusi, akapitisha kidole chake juu yake, kidole ambacho nacho kilikuwa kimeiva weusi kwa utomvu wa migomba.

"Mwanangu amenieleza yote," alisema. "Kwetu mgomba ukiinama kwa mzigo hatuukati. Tunauwekea nguzo. Mimi sikuja kupima langi, nimekuja na nguzo."

Mama alishika mdomo. Dada aliuvuta mfuko ukaja mapajani mwake, akatia kidole, na mbele ya mama mkwe, mbele ya mama, mbele ya kungwi, akalamba. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimemwona akifanya hivyo gizani, mgongo ameuelekeza mlangoni. Sasa alifanya polepole, macho yamefunguka. Mama mkwe alimtazama, kisha naye akachota kidogo kiganjani akaitia mdomoni, akatoa macho, akasema ni kali lakini ataizoea.

Ndipo mama alipopiga kigelegele. Kilikuwa kimemkaa kooni muda mrefu, kikatoka kimepasuka. Barazani baba alinyanyuka, akatoka mpaka mtaani, na nilimsikia akimwambia mtu wake awachague ng'ombe wawili wazuri na awapeleke Buzuruga leo leo, wakapumzike.